Mbona hamliimbi?

Jumapili jioni mvua ilinyesha, stima zikapotea South C yote, na mpwa wangu akabaki mezani na taa ya simu juu ya karatasi zake za marudio. Yuko Kidato cha Nne. Marudio ya Kidato cha Nne hayangoji stima.

Alikuwa amefika kwenye swali la ushairi. Alisoma mshororo wa kwanza kwa sauti ya chini, kidole gumba kikigusa vidole vingine kimoja baada ya kingine akihesabu mizani, yaani silabi, na alipofika mwisho akasema, "Kumi na sita. Nane kwa nane." Akaandika. Mishororo minne kila ubeti: tarbia. Vipande viwili: mathnawi. Vina vinabadilika ubeti hadi ubeti: ukaraguni. Hajatulia dakika tano na umbo lote limeshachambuliwa.

"Mjomba, niko sawa?"

Alikuwa sawa kabisa.

Kwenye kochi alikaa Bibi, mama mzazi wa jirani yetu wa mlango wa pili. Alikuwa ametoka Lamu kuja kutibiwa mtoto wa jicho, na jirani alipotoka kutafuta mishumaa alimleta kwetu asikae peke yake. Kwa Bibi giza na mwanga siku zile havikuachana sana. Yeye alikuwa anasikiliza tu.

"Mwanangu," akamwambia mpwa wangu, "hilo shairi limekukosea nini?"

"Bibi, nachambua umbo."

"Nasikia. Unalisoma kama mtu anayehesabu chenji. Mbona hamliimbi?"

Mpwa wangu alicheka, kwa heshima, akajibu jambo ambalo limenikaa kichwani wiki kadhaa sasa.

"Hatuulizwi kuimba, Bibi."

## Nilikuwa upande wa mpwa wangu

Usiku ule nilimtetea moyoni. Karatasi ya Tatu ya Kiswahili haina mahali pa kuweka sauti. Mtahini wa KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, anapokea maandishi, na maandishi hayana koo. Mtoto akiweza kutaja bahari, yaani aina ya shairi, akaonyesha inkisari (neno lililofupishwa) iko wapi na mazida (neno lililorefushwa) yako wapi, basi ametimiza alichotumwa. Nami nilipita njia hiyo hiyo, nikatoka na alama nzuri, na nikaishi miaka mingi bila kukosa usingizi eti kwa sababu sikuimba tarbia.

Halafu nina shaka ya muda mrefu na maneno yanayopendeza sikio. Sisi tuliokuwa watoto enzi za Nyayo, utawala wa Rais Moi, tulizisikia kwaya za sikukuu za taifa redioni hadi tukazijua kwa moyo. Nyimbo zile zilikuwa na mdundo, zilikuwa na vina, sauti ya pili na ya tatu zimepangwa vizuri, na ndani yake hamkuwa na kitu isipokuwa sifa. Muziki ulibeba mzigo ambao maneno peke yake yasingethubutu kuubeba mbele ya watu. Siku hizi ni kampeni: mtu anapanda jukwaani hana sera, lakini ana kibwagizo, na umati unaitikia.

Kwa hiyo Bibi aliposema tuimbe, sehemu yangu moja ilijibu: ndiyo hasa ninachokiogopa.

Sehemu nyingine ilikuwa na hoja ya aibu kidogo. Wazazi wangu ni watu wa Machakos, si wa pwani. Kiswahili nilikipata Nairobi, barabarani na darasani, na Kiswahili cha Nairobi kina haraka zake. Utenzi wa Pate, kisiwa cha upande wa Lamu, na mahadhi yake niliuona kuwa mali ya watu wengine, kitu cha kuheshimu kutoka mbali. Nani aliniambia hivyo? Hakuna. Nilijipangia tu.

Lakini jibu la mtoto halikuniacha. Hatuulizwi kuimba. Nilikuwa ninaosha vyombo ninalisikia.

## Negema wangu binti

Mwishowe nilipiga hodi kwa jirani jioni moja, nikaamkia, "Shikamoo, Bibi," nikaitikiwa "Marahaba, mwanangu," na kabla sijakalia kiti akauliza yule msichana wa kuhesabu yuko wapi. Nikamwambia yuko shule. Nikamwomba aniimbie chochote.

Hakujidai. Alikunywa maji, akarekebisha mtandio, akaanza utendi wa Mwana Kupona.

Huu kila mtu aliyepita sekondari anaujua kwa jina. Mwana Kupona binti Msham aliutunga mwaka 1858, akiwa mgonjwa, kumwachia binti yake Mwana Hashima wasia. Ubeti wa kwanza nilikuwa nimeusoma mara nyingi:

*Negema wangu binti*
*mchachefu wa sanati*
*upulike wasiati*
*asa ukazingatia*

Nimeusoma, narudia, mara nyingi. Sikuwahi kuusikia.

Jambo la kwanza lililonishtua lilikuwa herufi moja. Mimi nikitamka "binti" natamka kwa mapigo mawili, bin-ti, imekwisha. Bibi alikaa juu ya ile *n*. Bi, halafu *nnn*, halafu ti. Sauti ilipita puani, ikazunguka humo, ndipo ikashuka. Nilipofika nyumbani nilihesabu (ndiyo, kwa vidole) na nikaona kwa nini. Ne-ge-ma-wa-ngu-bi-n-ti. Bila ile *n* kusimama peke yake, kipande kina mizani saba na kinachechemea. Nayo *m* ya "mchachefu" vilevile: ina pigo lake, midomo inafungwa kwanza na kusubiri. Shuleni tuliambiwa *m* na *n* za namna hii huhesabiwa kuwa mizani. Tukaandika daftarini. Hakuna aliyetuambia kwamba ndipo mama anapokawia anapomwita mwanawe.

Jambo la pili lilikuwa mwisho wa ubeti. *Ti, ti, ti* zilipita kwa haraka ya kadiri, na Bibi alipofika "ukazingatia" aliivuta ile *a* ya mwisho hadi pumzi ikaisha. Akavuta pumzi nyingine. Akaingia ubeti wa pili:

*Maradhi yamenishika*
*hata yametimu mwaka*
*sikupata kutamka*
*neno lema kukwambia*

*Ka, ka, ka*. Na tena *a*, ndefu, ikitua pale pale ilipotua ya kwanza.

Kufikia ubeti wa nne au wa tano nilijikuta ninaingoja. Vipande vitatu vya kwanza vinabadilisha kina chao kila ubeti, huwezi kubashiri kinachokuja. Cha nne kinarudi kwenye *a* ile ile, ubeti baada ya ubeti, zaidi ya beti mia moja. Mtu anasafiri mara tatu, anarudi nyumbani mara moja. Katika daftari langu la zamani jambo hili liliandikwa hivi: "Kipande cha mwisho kina bahari." Sentensi sahihi. Haikuniambia kwamba mwili wa msikilizaji utaanza kushusha mabega kila *a* inapofika.

## Mahali pa kina

Nililala nikijiuliza kwa nini vina vinavyoonekana vya kawaida hivi kwenye karatasi vilikuwa na nguvu vile kooni mwa mtu.

Kupata kina katika Kiswahili si kazi. Maneno yetu karibu yote yanaishia kwa irabu, na irabu ni tano tu. Ukitembea kutoka Kencom hadi Afya Centre umeshapata vina vya beti kumi. Ndiyo maana watunzi wa zamani hawakuridhika na irabu. Walitaka silabi nzima ifanane, konsonanti na irabu yake, na katika shairi la nane kwa nane walitaka ifanane katikati na mwishoni pia. Hata hivyo haikuwa hoja ya ugumu peke yake.

Fikiria tunavyoongea. Mkazo wa neno la Kiswahili unakaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Tunasema mwa-NA-ngu, ka-RI-bu, u-ka-zi-nga-TI-a. Silabi ya mwisho kabisa ndiyo dhaifu. Ndipo sauti inaposhuka na kuachilia. Sasa angalia kina kimewekwa wapi. Katika kipande cha mizani nane, mkazo wa maongezi unaangukia mizani ya saba, na kina kinakaa ya nane. Yaani mtunzi ameweka pambo lake mahali ambapo msemaji wa kawaida hapaangalii.

Ukisoma kimya, au ukisoma alivyosoma mpwa wangu, kina kinamezwa. Ukiliimba, mahadhi yanaishika ile silabi dhaifu, yanaivuta, yanaipa urefu ambao lugha ya kila siku inainyima. Mkazo wa neno unabaki palepale, na baada yake inakuja sauti ya pili ndefu. Sikio linapata vitu viwili mfululizo: pigo, kisha mlio.

Hili sikulisoma popote. Nililipata kwa kusema "ukazingatia" bafuni, mara kwa sauti ya kuongea, mara kwa sauti ya Bibi, mpaka mke wangu akagonga mlango.

Kuna jambo dogo zaidi lililonifurahisha. Ubeti wa tatu wa Mwana Kupona unamwambia binti asogee, aketi na wino na karatasi, kwa kuwa mama ana hadithi moyoni. Vina vyake ni *ujilisi*, *karatasi*, *hadithi*. Si, si, thi. Mwanafunzi makini ataandika kwamba kina kimekosewa. Kwa macho, kweli. Lakini tia ulimi wako kwenye meno useme *si*, kisha *thi*: ni hatua ndogo sana. Kinywani mwa Bibi zilipita pamoja bila kugongana. Sikio lilikuwa limesharuhusu kabla jicho halijaleta kesi.

## Mpwa wangu anakataa

Aliporudi nyumbani mwisho wa juma nilimwimbia beti mbili tatu, kwa sauti yangu hii mbovu, nikitarajia aguswe. Akasikiliza hadi mwisho.

"Mjomba, lakini huyu mama anamwambia msichana kwamba mume ndiye atakayemwingiza peponi."

Ni kweli. Wasia ule unamtaka mke awe na radhi ya mumewe, amhudumie akiwa amelala na akiwa macho, asimwamshe kwa kelele, na siku ya kiyama mume aulizwe anataka mke apelekwe wapi. Unaweza kusema mengi kuhusu zama zile. Wapo pia wanaosoma ndani yake kejeli ya mwanamke mwerevu anayejua dunia yake ilivyo. Mimi sina uhakika huo. Nilichokuwa nacho ni tatizo langu lile lile la kwaya za sikukuu: nimeimbiwa jambo nisilokubaliana nalo, na nimetingisha kichwa kwa raha.

Nilimpelekea Bibi malalamiko haya, nikidhani atautetea wasia. Hakuutetea. Alisema yeye alizikwa na waume wawili — alimaanisha amewazika wawili, akajicheka — na kwamba utendi aliupenda tangu msichana kwa sababu bibi yake alikuwa akiuimba wanaposuka mikeka ya ukindu. "Maneno mengine nilikuwa siyataki hata wakati huo. Lakini nilikuwa nayasikia yote."

Nililifikiria hilo njia nzima, ingawa njia yenyewe ni mlango wa pili. Nilikuwa nimedhani muziki unalaza akili. Pengine unalaza pale maneno yalipotungwa yasisikike, kibwagizo kikifunika utupu. Katika utendi kila neno lina pigo lake na nafasi yake. Huwezi kulipitia juu juu. Mpwa wangu alishtuka kuhusu pepo ya mume siku nilipomwimbia. Ubeti huo huo alikuwa ameupita kwenye karatasi bila kuinua uso.

Hoja hii haijanikalia vizuri hadi leo, nakiri. Kwaya zile nazo nilizisikia neno kwa neno.

## Chagua mama chagua

Baada ya hapo niliharibika. Nilianza kusikia nane kila mahali.

Nilikuwa Gikomba kutafuta koti, na kijana wa mitumba amesimama juu ya rundo la blauzi anaita:

"Chagua mama chagua! Bei ni hamsini tu!"

Cha-gu-a-ma-ma-cha-gu-a. Nane. Be-i-ni-ha-m-si-ni-tu. Nane, na ile *m* ya hamsini ina pigo lake, aliikalia vizuri tu kuliko mimi nilivyowahi kuikalia ya "mchachefu". Nilisimama pale nikitikisa vidole mpaka mkokoteni ukanipigia mluzi. Kijana aliita hivyo tena na tena, hakuongeza neno, hakupunguza, na kila "tu" aliitupa juu.

Inawezekana kabisa nilikuwa nimeshikwa na wazimu wa kuhesabu. Ukitafuta nane utaipata hata kwenye risiti. Lakini chukua "mcheza kwao hutunzwa". M-che-za-kwa-o-hu-tu-nzwa. Chukua "haraka haraka haina baraka", sita kwa sita, na kina cha *ka* katikati na mwisho. Methali hizi hatukufundishwa kwa kuhesabu. Tulizipata mdomoni mwa watu, na tunajua mtu akiikosea hata kama hatuwezi kusema kosa liko wapi.

Hapo ndipo shaka yangu ya Machakos ilianza kulegea. Nilikuwa ninamiliki vipimo hivi tangu utotoni na sikuwa nimeambiwa ni vile vile vya Pate.

## Sita kwa tano

Sasa nilitaka kitu kisicho nane. Nikabeba nakala yangu ya utenzi wa Al-Inkishafi hadi maktaba ya McMillan, pale Mtaa wa Banda wenye simba wa mawe mlangoni, kwa sababu nyumbani nilikuwa nimepigwa marufuku kusoma kwa sauti baada ya saa tatu.

Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir aliutunga akitazama Pate ilivyoporomoka, mji uliokuwa na majumba ya kifahari na taa za fuwele. Ubeti niliouganda ni huu:

*Nyumba zao mbake ziwele tame*
*makinda ya popo iyu wengeme*
*husikii hisi wala ukeme*
*zitanda matandu walitandiye*

Majumba yamekuwa magofu, makinda ya popo yananing'inia juu, husikii kishindo wala ukelele, buibui wametanda utando wao. Ndiyo maana yake, ukiitaka kwa haraka.

Nilianza kwa mnong'ono. Mizani kumi na moja, na haigawanyiki sawa: nyu-mba-za-o-mba-ke, sita, zi-we-le-ta-me, tano. Mwili uliozoea nane kwa nane unaweka mguu wa pili chini na kukuta ngazi imeisha mapema. Kila mstari unaanza na pumzi kamili na kumalizika pungufu. Ukiusoma ubeti mzima mfululizo, upungufu ule unajirudia mara nne, kila mara mahali pale pale, wakati maneno yenyewe yanasema mambo yaliyokuwapo na hayapo.

Halafu mstari wa nne. *Zitanda matandu walitandiye.* Usome polepole: tanda, tandu, tandi. Sauti moja inatandazwa mara tatu, irabu yake ikibadilika tu, hadi mstari wote umefunikwa. Mtu anaweza kuita hii takriri ya sauti, akapata alama yake. Mimi nilirudi kwenye mstari wa tatu, *husikii hisi*, wenye *s* na *h* zinazojirudia, upepo wa nyumba isiyo na mtu, kisha nikaingia tena kwenye *nda, ndu, ndi*. Bwana mmoja aliyekuwa akisoma gazeti meza ya jirani alinitazama. Nikamsogezea kitabu. Akausoma ubeti kimya, akanirudishia, akasema, "Kiswahili kigumu hiki." Ndivyo ilivyo ukiukuta kwa macho. Sikuwa na ujasiri wa kumwimbia.

## Kilichobaki kichwani

Mshairi Abdilatif Abdalla alifungwa mwaka 1969 kwa kuandika kijikaratasi cha kuuliza Kenya inakwenda wapi. Alikaa hadi 1972. Sehemu ya kifungo aliipitisha gereza la Kamiti, hapa hapa kwetu, na mashairi aliyoyatunga ndani yalitoka mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki. Habari ya karatasi za chooni alizoandikia kwa siri inasimuliwa sana, na inastahili.

Mimi siku hizi nawaza zaidi kuhusu umbo. Yale ni mashairi ya arudhi, yenye mizani na vina kamili. Zamani niliona ajabu: mtu yuko peke yake katika chumba cha jela, ana hasira, na bado anahesabu silabi? Si angeandika tu? Sasa naona upande mwingine. Karatasi ya chooni inaweza kuchukuliwa na askari asubuhi. Mshororo wa nane kwa nane ukishakaa kichwani unajilinda wenyewe, kwa kuwa silabi ikipotea sikio linaona pengo, na kina kinakukumbusha neno lililokuwa linakuja. Bibi hakuwahi kuushika utendi wa Mwana Kupona kwenye karatasi kwa miaka mingi, na macho yake hayangemruhusu. Alikuwa nao wote, au karibu wote. Palipomponyoka neno, alivuma mizani tupu, mm-mm-mm-mm, akafika kwenye kina, na kina kikamrudishia neno.

Nilimwona akifanya hivyo. Alianza na mlio wa mwisho akarudi nyuma.

## Na yasiyo na vina?

Nikafika kwenye ugomvi mkubwa, ambao wasomaji wa blogu hii wanaujua kuliko mimi. Amri Abedi, aliyekuja kuwa meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam, aliandika mwaka 1954 sheria za kutunga mashairi, na msimamo wake ulikuwa wazi: shairi ni wimbo, na lisiloimbika si kitu. Miaka 20 baadaye mshairi Mtanzania Euphrase Kezilahabi akatoa diwani yake Kichomi, bila vina vya lazima wala mizani ya kuhesabu, na moto ukawaka pande zote mbili.

Kwa wiki kadhaa nilizokaa na Bibi unaweza kudhani nimehamia kwa Amri Abedi. Nilitaka kuhamia. Ingekuwa rahisi. Kinachonizuia ni kwamba baada ya kuzoea kusikia, nimekutana na tarbia nyingi magazetini zenye mizani kumi na sita barabara, vina havina dosari, na ukiziimba hazisikiki. Neno limeingizwa kwa sababu lina silabi tatu. "Sana" imewekwa kwa sababu kina ni *na*. Vidole vimeridhika, sikio limelala. Naye Bibi nilipomsomea moja alisema, "Huyu amejaza," na akaomba chai.

Kama mizani inaweza kuwapo na muziki usiwepo, basi huenda muziki unaweza kuwapo bila mizani. Hapo ndipo nilipo sasa. Nimeanza kusoma mashairi huru kwa sauti, jikoni, mlango umefungwa, nikitafuta pumzi inakatika wapi. Mwanzo nilisimama kila mwisho wa mstari kwa sababu ndivyo macho yalivyoniambia, na yakasikika vibaya mno. Nikajaribu kusimama maana inaposimama; yakawa habari ya redio. Mara chache nimepata mstari ambao unanisimamisha wenyewe, mahali ambapo irabu mbili zinazofanana zinakutana, au neno zito limewekwa baada ya mepesi matatu, na hapo nimesikia kitu.

Mingine imenishinda. Kuna shairi moja la kurasa mbili nimelisoma kwa kila njia ninayoijua na halijafungua mdomo. Bibi macho yake yalitulia akarudi Lamu, na hata angekuwapo nadhani angesema huyu hajatunga, ameandika. Mpwa wangu kwa upande wake analipenda, analijua kwa moyo tayari, na analisema haraka haraka, kwa Kiswahili cha Nairobi, bila kusimama popote. Nimemwomba aniachie sauti yake kwenye simu niisikilize tena.